Miwani ya namba kwa mlenga shabaha: tafuta namba kwanza, fremu baadaye

Swali: Daktari, salaam. Nina miaka 49, mzaliwa wa Tanga, naishi Ujerumani. Mwaka jana nilijiunga na klabu ya kulenga shabaha hapa mtaani kwetu. Napiga bastola ya upepo, mita 10, mkono wa kulia. Miwani yangu ya kila siku ni ya progresivu, yaani lenzi moja yenye namba ya mbali juu na ya karibu chini: jicho la kulia -1.75 na silinda (namba ya kurekebisha astigmatizimu) -0.75 mhimili, yaani mwelekeo wake, 90, la kushoto -1.50, nyongeza ya kusomea +1.75. Nikiinua bastola naliona duara jeusi vizuri, lakini kile kijino cha mbele cha kulengea kina ukungu. Nikiinua kidevu nakiona kijino, duara linayeyuka na shingo inauma. Wenzangu wanavaa zile fremu za chuma zenye lenzi moja ya mviringo. Bei yake imenishtua. Halafu nilimwona yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris akichukua medali na miwani ya kawaida tu. Je, nainunua hiyo fremu? Na namba yangu iwe ngapi?

Jibu: Ndugu yangu, salaam. Nianze na huyo Mturuki, maana picha yake imewachanganya wengi. Yusuf Dikeç alikuwa na miaka 51 alipopata medali ya fedha ya timu mchanganyiko katika bastola ya upepo, yeye na Şevval İlayda Tarhan, Julai 2024. Michezo iliitwa ya Paris, ila walenga shabaha walishindania Châteauroux. Alisimama na miwani ya kawaida, macho yote mawili wazi, mkono mmoja mfukoni. Siku mbili kabla yake, Kim Ye-ji wa Korea Kusini alichukua fedha ya wanawake kwa aina ileile ya bastola, naye alikuwa amevaa fremu ya walengaji pamoja na vipande vyake vyote. Medali zao ni za rangi moja. Kwa hiyo usiniulize fremu kwanza. Jiulize ni kitu gani jicho lako linatakiwa kukiona wazi wakati kidole kinabana kifyatulio, na je, lenzi iliyo mbele ya jicho hilo imetengenezwa kwa ajili ya umbali huo?

Kwenye bastola una vitu vitatu katika mstari mmoja: mwanya wa nyuma, kijino cha mbele, na duara jeusi. Jicho la binadamu, hata la kijana wa miaka 18, haliwezi kuvifanya vyote vitatu viwe wazi kwa wakati mmoja. Lazima uchague, na uchaguzi wenyewe umeshafanywa na hesabu: kijino cha mbele.

Chukua bastola ambayo kutoka mwanya wa nyuma hadi kijino cha mbele ni milimita 320, kipimo cha kawaida kwa bastola za upepo za mashindano. Kijino kikihama milimita 1 tu kutoka katikati ya mwanya, kosa hilo hukua kadiri risasi inavyosafiri, na ukifika mita 10 limekuwa kama milimita 31. Duara jeusi lote lina upana wa milimita 59.5. Maana yake ni kwamba umelenga katikati kabisa, mkono haukutikisika, na bado umepata alama saba badala ya kumi. Sasa geuza. Kijino na mwanya vimekaa sawasawa, lakini mkono mzima umeyumba na kushuka milimita 5. Hapo risasi nayo inashuka milimita 5 tu, na kwa kuwa duara la kumi lina upana wa milimita 11.5, bado ni kumi. Ndiyo maana duara jeusi likiwa na ukungu kidogo halikuharibii kitu. Jicho lina kipaji cha kupata katikati ya doa la mviringo hata kama kingo zake zimelainika. Kijino kikiwa na ukungu, huna tena cha kupimia.

Sasa miwani yako ya kila siku. Sehemu ya juu ya progresivu imewekwa kwa ajili ya mbali kabisa. Kijino chako kiko karibu sentimita 95 kutoka jichoni mkono ukiwa umenyooka, na ili kukiona wazi kupitia sehemu hiyo, misuli ya ndani ya jicho lazima iongeze nguvu ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 1 na kidogo. Ukiwa na miaka 20 jambo hilo hulihisi hata kidogo. Ukiwa na miaka 49, lenzi asilia ya jicho imekuwa ngumu. Unaweza kuivuta kwa risasi tano za kwanza, lakini mashindano ya bastola ya upepo ni risasi 60. Ukiinua kidevu unaingia kwenye ule ukanda wa katikati wa progresivu, ambao ni mwembamba na pembeni yake picha imepinda. Hapo umepata namba inayofaa mahali pasipofaa, na shingo ndiyo inayolipa. Kwa ulengaji wa aina hii sipendekezi progresivu hata kidogo, iwe ya bei gani. Baifoko, ile yenye namba mbili juu na chini, vilevile. Unahitaji lenzi ya namba moja kutoka juu hadi chini.

Namba hiyo hupatikana hivi. Dayopta ni 1 kugawanya kwa umbali kwa mita. Kijino cha sentimita 95 kinahitaji dayopta 1.05. Shabaha ya mita 10 inahitaji 0.10. Ukiweka lenzi ya kijino peke yake, yaani namba yako ya mbali ukiongeza +1.00, kijino kitakuwa wembe lakini duara litakuwa wingu la kijivu, na wengi hukosa raha nalo. Ukikaa katikati ya hizo mbili, unapata karibu 0.58. Mwanga ukiwa mzuri na mboni ikiwa imebana, jicho lina uvumilivu wa kama robo dayopta au zaidi kidogo huku na huku, na misuli yako bado ina nguvu fulani iliyobaki ya kumalizia upande wa kijino. Kwa hiyo nyongeza yako iko kati ya +0.50 na +0.75 juu ya namba ya mbali. Kwa jicho la kulia: -1.75 inakuwa -1.25, au -1.00. Silinda na mhimili havibadiliki.

Kati ya hizo mbili, mimi kwa umri wako ningeanza kujaribu -1.00, kwa sababu nguvu iliyobaki leo itapungua ndani ya miaka michache, na kwa sababu risasi ya hamsini huwa na jicho lililochoka kuliko ya kwanza. Lakini usiagize kwa maneno yangu. Jaribu.

Mpima macho yeyote ana sanduku la lenzi za majaribio zinazopanda kwa robo robo. Tatizo ni kwamba kwenye chumba cha vipimo utaonyeshwa herufi za mita 6 na karatasi ya kusomea ya sentimita 40, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachokilenga. Bastola usiibebe kwenda dukani. Hata ya upepo italeta taharuki, na huko uliko sheria ya usafirishaji ni kali. Fanya hivi: klabuni, simama katika mkao wako halisi, mwenzako apime kwa utepe kutoka pembe ya jicho lako hadi kwenye kijino, bastola ikiwa tupu na imeelekezwa kwenye shabaha. Nyumbani chukua kijiti cha urefu unaofaa, gundisha mbele kipande cha kadibodi nyeusi chenye upana wa kijino chako, na nyuma kingine ulichokata mwanya. Hicho ndicho unachokwenda nacho. Mwambie mpima macho: "Nataka kingo za kipande hiki cha mbele ziwe kali, na ukutani nione doa jeusi ambalo bado ni duara." Atakuwekea +0.50, kisha +0.75, kisha +1.00. Kila mara angalia kwa sekunde nane hivi, shusha mkono, pumzika, rudia. Lenzi unayoitaka ni ile inayokupa kijino kikali papo hapo bila kungoja jicho lijivute. Ukihisi unasubiri picha ije, ongeza robo. Ukiona duara limepoteza umbo, punguza robo.

Klabu nyingi za Ulaya zina fundi miwani anayewahudumia walengaji, na wengine hukubali kuja uwanjani na sanduku lao. Ukimpata huyo, hakuna duka litakalomshinda.

Silinda yako usiidharau. Najua kuna wauzaji watakaokuambia 0.75 ni ndogo, tuiache, lenzi itakuwa rahisi. Kwa kusoma gazeti ungeweza kuvumilia. Kwa bastola la, kwa sababu kazi yako yote ni kulinganisha mistari miwili midogo ya mwanga, mmoja kushoto kwa kijino na mwingine kulia, na kuhakikisha kichwa cha kijino kiko sawa na mabega ya mwanya. Astigmatizimu ya mhimili wa 90 kama yako huharibu zaidi kingo za wima, yaani hiyohiyo mistari ya mwanga. Mwenye mhimili wa 180 huumia kwenye kingo za mlalo na risasi zake hutawanyika juu na chini. Kuna mlengaji anayehangaika miezi akibadilisha mshiko, kumbe ni silinda iliyoachwa.

Sasa tuje kwenye fremu, na hapa nitakuokolea fedha. Fremu za walengaji, kama Knobloch au Champion, zina lenzi moja ya mviringo, mara nyingi ya milimita 37, iliyoshikwa kwenye mkono unaosogea juu, chini, pembeni na kugeuka. Haikutengenezwa hivyo kwa mapambo. Mlengaji wa bastola husimama ubavu na kugeuza kichwa, na kama kichwa hakigeuki kikamilifu, jicho hupita kwenye kona ya nje ya lenzi, upande wa sikio, badala ya katikati. Mwenye bunduki, aliyelaza shavu kwenye kitako, hupita kwenye kona ya juu kabisa. Kupita pembeni mwa lenzi huleta mambo mawili: picha inasogezwa, na ukungu wa mshazari unazaliwa ambao haumo kwenye namba yako. Fremu ile huiruhusu lenzi ikae wima mbele ya mstari wa kulenga, kila mara mahali palepale.

Lakini ukubwa wa madhara hayo hutegemea ukubwa wa namba. Kwa lenzi ya -6.00, kupita sentimita 1 nje ya katikati ni jambo zito. Kwa -1.00 yako, ni dogo sana. Ndiyo maana kwako wewe fremu ya kawaida iliyochaguliwa vizuri inatosha, na fedha iliyobaki inunue risasi za mazoezi. Chagua fremu yenye lenzi ndefu kwenda juu, isiyojipinda sana kuzunguka uso kama miwani ya waendesha baiskeli, na yenye vile vipira vya puani vinavyorekebishika ili uweze kuipandisha. Iwe imara: fremu inayoteleza puani jasho likitoka hubadilisha kila kitu.

Kisha weka alama. Vaa fremu hiyo ikiwa na plastiki zake za dukani, simama mkao wako, na mwenzako asogeze kistika kidogo cha mviringo juu ya lenzi ya kulia mpaka useme kimefunika kijino. Kistika kibaki hapohapo. Mpelekee fundi miwani na umwombe katikati ya lenzi iwe pale. Atashangaa kidogo, kwa sababu pameachana na kipimo chake cha kawaida cha umbali kati ya mboni, lakini ni kazi anayoiweza.

Ungekuwa na namba kubwa ningekuambia mengine. Mwenye -4.00 na kuendelea anunue fremu ya walengaji bila kusita, na akumbuke kwamba lenzi ikikaa mbali zaidi na jicho nguvu yake hupungua: -6.00 iliyosogezwa mbele milimita 8 hufanya kazi kama -5.75 hivi. Robo hiyo ihesabiwe mapema.

Jicho la kushoto. Usilifumbe kwa kukaza. Misuli ya uso ikijikaza, jicho la kulia nalo husinyaa, na giza upande mmoja huitanua mboni ya upande wa pili, kwa sababu mboni zote mbili hufuata amri moja ya mwanga. Mboni ikitanuka, ule uvumilivu wa umbali niliousema hapo juu hupungua. Dikeç huacha macho yote wazi na ubongo wake unachagua. Ukiweza hivyo, vizuri. Wengi hawawezi, hasa kama jicho lenye nguvu ni la kushoto, na hilo ulipime: nyoosha mikono, acha tundu dogo kati ya viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu, kisha funga jicho moja moja. Jicho linalobaki na kitu hicho ndilo lenye nguvu. Kama ni la kushoto na unapiga kwa kulia, kifuniko cha jicho hilo kwako si hiari.

Kifuniko kiwe cheupe kinachopitisha mwanga, kamwe kisiwe cheusi. Kanuni za shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha, ISSF, zinaruhusu kifuniko cha mbele cha jicho lisilolenga kisichozidi upana wa milimita 30. Kipande cha selotepu isiyong'aa, ile yenye ukungu, kwenye sehemu ya juu ya lenzi ya kushoto kinafanya kazi yote. Na hapa kuna faida ambayo wachache huitumia: kwa kuwa jicho la kushoto halilengi, chini ya selotepu liwekee namba ya karibu, tuseme -0.25 badala ya -1.50 yako. Utaiona skrini ya alama iliyo mezani na utapachika risasi ya milimita 4.5 bila kubadili miwani. Sharti lake ni moja: miwani hii iishie klabuni. Usiendeshe gari nayo.

Lenzi yenyewe iwe ya polikaboneti au Trivex, plastiki ngumu zisizovunjika kirahisi. Plastiki ya kawaida ina picha safi kidogo kuliko polikaboneti, na wapo mabingwa wanaoitaka kwa sababu hiyo, lakini kwa namba ndogo tofauti huioni, na risasi ya upepo inaporudi kutoka kwenye chuma haichagui. Kwa bunduki za baruti ni lazima kabisa, macho yote mawili yakiwa nyuma ya lenzi isiyovunjika. Zile fremu za lenzi moja huacha jicho la pili uchi, jambo ambalo halinipi amani. Weka utando wa kuzuia mng'ao pande zote mbili. Rangi acha. Njano huongeza hisia ya ukali siku ya mawingu, na kijivu hepesi husaidia kwenye jua kali la nje, lakini ndani ya ukumbi wa mita 10 rangi nzito hutanua mboni, na tumeshaona matokeo yake.

Kuna kitu kimoja kwenye duka la vifaa ambacho kina thamani kwa umri wetu: kile kitundu kinachofunguka na kufunga, kinachobanwa mbele ya lenzi. Tundu dogo huongeza kina cha uwazi, kijino na duara vikakaribiana. Ila kinakula mwanga, na kikibanwa mno picha inakuwa ya jioni na kingo zinalainika upya. Kinaruhusiwa, mradi kimeshikwa na miwani yako. Kwenye bastola yenyewe huruhusiwi kufunga lenzi wala kichujio. Jaribu kwanza namba sahihi kwa miezi kadhaa. Wengi wakishaipata hawakihitaji.

Kabla ya yote hayo, fanya uchunguzi kamili wa macho, na usiishie kwenye namba. Sisi wenye asili ya Afrika tuna hatari kubwa zaidi ya presha ya macho, glakoma, ambayo hula pembe za uoni kimyakimya bila maumivu, na baada ya miaka 40 kila mmoja wetu anapaswa kupimwa presha hiyo na kuangaliwa mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho. Kama una kisukari, pima namba wiki ambayo sukari imetulia. Ikipanda na kushuka, namba nayo hucheza, na utalipia lenzi za siku moja. Nenda asubuhi, si jioni baada ya saa nane za kompyuta. Na kama hata kwa lenzi bora kijino kina kivuli au mwanga wa taa unatawanyika, uliza juu ya mtoto wa jicho.

Ukija kuhamia bunduki ya upepo, namba hii usiihamishe. Tundu la nyuma la bunduki tayari linafanya sehemu ya kazi, hivyo nyongeza hushuka hadi +0.25 au +0.50, na ISSF inaruhusu lenzi ya kurekebisha uoni ifungwe kwenye kilengeo cha nyuma chenyewe, kitu ambacho kwenye bastola ni marufuku. Kwa kilengeo cha darubini au cha nukta nyekundu ya mwanga rudi kwenye namba yako ya mbali tupu. Na nukta ikionekana kama mkia wa mjusi, hiyo ni silinda, nukta haina kosa.

Karatasi utakayompa fundi miwani iandike hivi: kulia -1.00 silinda -0.75 mhimili 90, au -1.25 kama majaribio yatasema hivyo; kushoto -0.25 pamoja na silinda yake kama ipo. Lenzi za namba moja, polikaboneti, bila rangi, utando wa kuzuia mng'ao. Katikati ya lenzi ya kulia kwenye kistika. Zikifika, piga risasi 60 mfululizo siku ya kwanza. Kijino kikianza kufifia baada ya risasi ya thelathini na mwanzo kilikuwa kikali, rudi ukaongeze robo. Maduka mengi hubadilisha lenzi ndani ya wiki za mwanzo, na hilo uliulize kabla ya kulipa.